Nyasi kwenye kengele ya Kiberiti

Umande bado umelala juu ya majani ya muhogo pale Eusebius Ndomba anapopiga magoti pembeni mwa shamba na kugusa kwa kidole alama ya kwato iliyozama kwenye udongo. Kingo zake ni mbichi. Chini, mbali, Ziwa Nyasa linaanza kupata rangi. Juu, milima ya Umatengo bado imejifunika ukungu.

"Wamepita sita," anasema bila kuinua kichwa. "Majike mawili, watoto watatu na dume moja zee. Hilo dume linachechemea mguu wa nyuma."

Nyuma yake wamesimama wanaume saba wenye mikuki, na mbwa watatu. Wanaume hawasemi. Mbwa nao hawabweki, hawalii, hawanung'uniki. Kila mmoja amevaa shingoni kengele ya chuma yenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, nayo haitoi sauti, kwa kuwa ndani imeshindiliwa nyasi ili ulimi wake usicheze.

Msafara unateremka hadi ukingo wa korongo, mahali ambapo matete yanaanza. Hapo, juu ya kisiki, ameketi mtu mwenye fimbo. Mguu wake wa kulia umenyooka mbele yake kama mpini wa jembe. Jina lake ni Aidan Hyera.

Mbwa wanamwendea wenyewe, mmoja baada ya mwingine, bila kuitwa. Aidan anamshika wa kwanza chini ya taya, anaingiza vidole viwili kwenye kengele, anazitoa nyasi, anaitikisa kengele mara moja kuisikiliza, kisha anaziweka nyasi hizo mapajani. Anafanya hivyo kwa wa pili na kwa wa tatu.

"Tatu," anasema.

Hapo tu ndipo Eusebius anapoinua mkono. "Haya, wanangu!"

Mbwa wanazama kwenye matete.

Watu wa Ngumbo, katika Wilaya ya Nyasa, wameshazoea. Mgeni ndiye anayeshangaa kuona mwenye mbwa hagusi kengele za mbwa wake mwenyewe.

Eusebius ana miaka hamsini na mmoja. Kazi yake ni kuwaondoa nguruwe pori kwenye mashamba ya watu. Ndani ya mfuko wa nailoni anatunza barua ya kijiji yenye muhuri wa wilaya, inayomruhusu kufanya hivyo. Kaya thelathini na nne zinamtegemea, na kila moja humpa debe moja la mahindi au la muhogo mkavu wakati wa mavuno. Mwaka jana kaya tano hazikuwa na cha kutoa. Aliendelea kuyalinda mashamba yao.

"Nguruwe haulizi nani kalipa," anasema.

Silaha yake hasa ni hawa mbwa. Baba yake aliwarithi kwa babu yake, na babu kwa waliomtangulia. Ni wadogo, wembamba wa kiuno, wenye manyoya mafupi mekundu kama udongo uliochomwa, masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni. Vidole vya miguu ni vyeupe, kana kwamba wamekanyaga unga. Hujilamba na kujisafisha kama paka. Hawanuki.

Na hawabweki. Wana mlio wao mmoja, mwembamba, unaofanana na wimbo wa mtu aliyefumba mdomo, nao hutoka wakiwa na furaha nyumbani. Porini hawatoi hata huo.

"Watu wanatucheka. Wanasema mbwa asiyebweka ni kama jogoo asiyewika," anasema Eusebius. "Sawa. Waulize hao jogoo wao wamekamata nguruwe wangapi."

Mbwa anayebweka, anaeleza, humwonya nguruwe angali mbali. Nguruwe huhamia shamba la jirani na kurudi kesho yake. Mbwa wa Eusebius hufika karibu kimya, kengele zikiwa bado zimezibwa, kisha humzunguka mnyama kabla hajajua pa kukimbilia, na kumzuia hapo hapo mpaka watu wafike. Watu nao huwafuata mbwa kwa kusikiliza kengele. Ikilia kwa haraka huku ikienda, mbwa anakimbiza. Ikilia mahali pamoja pasipo kusogea, mnyama amesimamishwa. Ikinyamaza, mbwa amelala chini, na lazima mtu akimbie kumwokoa.

Baba yake alikuwa akiwaimbia wakati wa kuwafunga kengele:

"Kimya chako si upole, ni mshale uvutwapo,
Wanaokucheka wale, wataona urudipo."

Asubuhi hii kengele zinasikika kushoto, zikienda mbio, kisha zinasimama. Wanaume wanakimbia. Hazipiti dakika ishirini, dume zee linalochechemea limelala kwenye tope. Kabla mtu hajapata kipande, Eusebius anakata fungu la mbwa: mapafu, bandama na damu iliyoganda. Haliwi bichi. Linakwenda kupikwa.

"Mbwa akionja nyama mbichi porini, kesho ataanza kuwinda kwa ajili ya tumbo lake. Mimi nataka awinde kwa ajili yangu," anasema huku akifunga fungu hilo kwenye jani la mgomba.

Aidan hakusogea kwenye kisiki chake. Mbwa wanaporudi, wanapita kwake tena. Anahesabu kengele tatu, anainuka kwa fimbo, anaondoka. Hajazungumza na Eusebius neno lolote zaidi ya lile "tatu".

*

Nyumbani, Scolastika, mke wa Eusebius, ameshapooza ugali wa muhogo uliochanganywa na usipa, dagaa wa ziwani, waliopondwa. Ugali wa moto mbwa hawapewi. Eusebius anaamini kwamba mvuke unaua pua.

Kabla ya kula kuna ukaguzi. Anawalaza mmoja mmoja kwenye gunia, anapekua kati ya vidole kutafuta miiba, anatoa kupe masikioni na kuwatupa kwenye kopo la majivu ya moto. Jeraha la jino la nguruwe huoshwa kwa maji ya chumvi. Likiwa kubwa, hushonwa kwa uzi wa nyavu anaoupata kwa wavuvi, akiwa ameuchemsha kwanza. Mbwa mmoja, dume anayeitwa Dereva, ana mishono kumi na minne ubavuni. Hakulia hata sindano ilipokuwa ikipita.

Ukutani zimening'inizwa kadi za chanjo ya kichaa cha mbwa. Jacqueline Nchimbi, ofisa mifugo anayepita kwa pikipiki na kisanduku chake cha barafu kutoka Mbamba Bay, anasema angetamani kila mfugaji awe hivyo.

"Wengine nawakimbiza mimi. Mzee Eusebius ananikimbiza yeye. Siku moja nilichelewa wiki mbili, akanifuata ofisini na mbwa wote. Akasema, 'Mama, kama chanjo haipandi mlima, sisi tumeshuka.'"

Ilikuwa ni katika ukaguzi wa Jumanne hii ambapo Eusebius aliinua gunia na kuliangalia kwenye mwanga. Kulikuwa na tone la damu. Halikuwa la jeraha.

"Mama Tobias," alimwita mkewe. "Kiberiti ameanza."

Scolastika aliacha mwiko. "Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Ana macho. Kesho hatamwona korongoni, atajua."

Kiberiti ni jike, ana miaka saba, na hakuna jike mwingine wa ukoo huu aliyebaki Ngumbo. Madume wawili waliobaki, Dereva na mwenzake, ni kaka zake wa tumbo moja, na Eusebius hazalishi ndugu kwa ndugu. Mbwa wengine wa kijijini huingia joto mara mbili kwa mwaka. Hawa huingia mara moja. Siku zenyewe za kupandwa, zinazokuja siku chache baada ya damu kuanza, hazizidi nne au tano. Zikipita, ni mpaka mwaka mwingine, na kwa umri wa Kiberiti huenda mwaka mwingine usiwepo.

Dume la kumfaa lipo Lituhi. Pikipiki zipo. Kinachokosekana ni neno la mtu mmoja, Aidan Hyera, kwa sababu Eusebius aliapa mbele yake kwamba hatalea tena mtoto wa mbwa hawa pasipo ruhusa yake.

Mwaka juzi hakuthubutu kuiomba. Mwaka jana aliiomba. Aidan hakujibu, na siku zikapita.

*

Hadithi yenyewe Eusebius anaisimulia akiwa ameketi kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti, akitazama chini. Haipambi.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Mei, alikuwa na mbwa wanne. Wa nne aliitwa Tofali, mama yake Kiberiti, mbwa bora kuliko wote aliowahi kuwa nao. Sifa zake zilifika hadi vijiji vya juu. Siku hiyo walikuja wageni kutoka kitongoji cha pili kumwona akifanya kazi.

Kwa desturi ya wawindaji hawa, mwenye mbwa ndiye anayeziba kengele na ndiye anayezibua. Mkono mwingine haugusi. Eusebius alizibua ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alipofika kwa Tofali, alimshika shingoni huku akiwaambia wageni mambo.

"Nilikuwa najisifu," anasema. "Nikawaambia, huyu mnayemwona, babu yake aliwawindia watu wenu nyie mkiwa bado mnanyonya. Wakacheka. Nikaongeza nyingine. Mara nguruwe akatimka. Nikamwachia."

Kengele ya Tofali ilikwenda ikiwa imezibwa.

Aidan, rafiki yake tangu shule ya msingi, alikuwa amepangwa upande wa pili wa korongo, kwenye njia. Alizisikia kengele zikilia upande wa kushoto, mbali. Mtu yeyote mwenye masikio angefahamu kwamba upande wa kulia ni mtupu. Akaingia kwenye matete ya kulia ili akatize awahi wenzake.

Lakini Tofali, mwenye mbio kuliko wote, alikuwa huko kulia, amemshika nguruwe dume, anamrudisha nyuma hatua kwa hatua, kimya, kama alivyofundishwa. Nguruwe alipogeuka atafute pa kutokea, alimkuta Aidan.

Jino lilichana paja likashuka hadi gotini. Goti halijakunja tena.

Eusebius alikuwa wa kwanza kufika. Nguruwe alishakimbia. Aidan alikuwa amezirai. Tofali alisimama juu yake, mkia umeshuka, akimlamba uso. Kwenye shingo ya Tofali kengele ilikuwa na nyasi zake, zimejaa vilevile.

"Nilisikia wenzangu wanakuja. Nikaingiza kidole. Nikazitoa. Nikatia mfukoni. Halafu ndipo nikamfunga Aidan mguu. Ona mpangilio huo. Kwanza nyasi, halafu mguu."

Walimbeba kwa machela mpaka barabarani, akapelekwa hospitali, akakaa huko wiki tisa. Kijijini watu walikaa kikao. Kengele ya Tofali ilijaribiwa mbele ya wote na ikalia vizuri. Basi kosa likawa la mbwa. Wakasema alimvizia mtu, akamwelekezea mnyama makusudi. Wazee wa wawindaji wana sheria yao kuhusu jambo hilo, na sheria hiyo ni fupi: mbwa aliyemletea mnyama mtu wa kundi lake haishi.

Walimtazama Eusebius. Neno moja lingetosha.

"Nilisema, sheria ni sheria."

Kamba aliifunga yeye mwenyewe. Tofali alimfuata hadi nyuma ya kilima akidhani wanakwenda kazini. Alikuwa akitoa ule mlio wake mwembamba wa furaha.

*

Kwa miezi kumi alikaa na jambo hilo. Alilima shamba la Aidan bila kuombwa. Aliwapelekea nyama, kuni, samaki. Gaudiosa, mke wa Aidan, alikuwa akiwaambia majirani kwamba Mungu akupe adui, lakini kwanza akupe rafiki kama Eusebius. Kila sifa ilimchoma kama pilipili kidondani.

Nyumbani, Scolastika alimwona mumewe hapandi kitandani bila kwanza kutoka nje na kushika kengele zote ukutani, moja moja.

Kwaresima iliyofuata, siku ya Ijumaa baada ya Njia ya Msalaba, Eusebius alipita moja kwa moja hadi kwa Aidan, akawakuta yeye na mkewe wakipukuchua mahindi. Hakuketi. Alisema yote amesimama, kofia mkononi.

Gaudiosa ndiye aliyejibu kwanza, naye analikumbuka jibu lake neno kwa neno.

"Nilimwambia, shemeji, kati yako na yule mbwa, aliyenyimwa sauti na Mungu alikuwa yeye. Wewe alikupa. Uliipeleka wapi?"

Aidan aliendelea kupukuchua hindi lililokuwa mkononi hadi mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Nyasi ulizitupa wapi?"

"Nilizichoma. Jikoni kwangu."

"Zilikuwa nyingi?"

"Zilijaa kiganja."

Aidan akachukua hindi lingine.

Hapo ndipo Eusebius alipoapa. Alisema yuko tayari kuwaua mbwa wote watatu waliobaki Aidan akitaka. Alisema hatalea mtoto mwingine bila neno lake. Aidan hakusema waue, hakusema waache. Aliyesema ni Gaudiosa: "Toka kwangu."

Kijiji kilipopata habari, hasira ilikuwa kubwa. Wapo waliotaka afukuzwe kazi. Wapo waliosema kosa si la mtu bali la mbegu. Mbwa wangekuwa wanabweka, hakuna kengele ambayo ingesahauliwa. Vijana wawili walileta mbwa wakubwa wa kubweka kutoka upande wa Songea. Mbwa hao walipiga kelele msimu mzima, nguruwe wakazijua saa zao kama watu wanavyozijua kengele za misa, na kwa wiki moja tu eka sita za mahindi zililala chini. Vijana wakawarudisha mbwa wao. Wazee wakaja kwa Eusebius, bila kuomba radhi wala kusamehe, wakamwambia arudi korongoni.

Asubuhi ya kwanza alipofika kwenye ukingo wa matete, alimkuta Aidan ameketi juu ya kisiki. Jinsi alivyofika pale na mguu ule, kwa njia ile, gizani, Eusebius hajui mpaka leo.

Aidan alinyoosha mkono. "Leta kwanza hao mbwa."

Akazitoa nyasi zote kwa mkono wake. Eusebius akafungua mdomo kumkumbusha desturi.

"Desturi yako nilishaiona," Aidan akamkatiza. "Kuanzia leo nyasi natoa mimi. Siku nisipofika, mbwa hawaingii."

Ni mwaka wa pili sasa. Hajakosa siku hata moja. Aliumwa malaria akaletwa kwa baiskeli.

*

Jumatano, Kiberiti amefungiwa kwenye jiko la nje. Vidume vya kijiji, vile vya kubweka, vimeshaanza kuzunguka uani na Scolastika anavitimua kwa ufagio huku akivitukana kama wachumba wasio na mahari.

Korongoni, Aidan anazibua kengele mbili. "Mbili," anasema. Anamtazama Eusebius kitambo, kisha anageuza uso. Eusebius anasubiri. Hakuna zaidi.

Alhamisi, mbili.

Ijumaa, mbili.

"Sitamuuliza," Eusebius anasema jioni hiyo, akimsugua Kiberiti kwa jivu na maji nyuma ya masikio. "Mwaka jana niliuliza. Kumwuliza mtu mara mbili kitu cha namna hii ni kumlazimisha. Akinyamaza, basi mbwa hawa wanaishia mikononi mwangu, na hilo ndilo fungu langu."

Baba yake alipokuwa akifa hakumwachia shamba wala nyumba. Alimwachia mbwa sita na wimbo mmoja. Tobias, mtoto wa kwanza wa Eusebius, yuko Mbinga mjini, ni fundi wa magari. Hataki mbwa. Jacqueline, ofisa mifugo, anasema katika vijiji vyote anavyopita hajaona wengine wa aina hii isipokuwa huyo dume mmoja wa Lituhi.

Jumamosi hakuna mawindo. Aidan anatokea uani mwa Eusebius, saa mbili asubuhi, na Gaudiosa nyuma yake. Tangu siku ya kuungama, hawajakanyaga hapa.

"Hodi," anasema Gaudiosa, kwa sauti ya mtu anayekuja kudai.

"Karibu, shemeji. Karibuni. Mama Tobias, lete viti."

"Hatukai," anasema Gaudiosa. "Mimi sijasamehe, usije ukachanganya. Nimemsindikiza mwenye goti."

Aidan hakusalimia. Amekwenda hadi ukutani ambako kengele ya Kiberiti imening'inia msumarini. Anaitungua. Anaigeuza, anachungulia ndani. Kisha anainama kwa shida, fimbo kwapani, anang'oa nyasi mbichi kando ya jiko, anazikunja, anaanza kuzishindilia ndani ya kengele kwa kidole gumba, kidogo kidogo, mpaka ulimi unaposhikwa kabisa. Anaitikisa sikioni. Kimya.

Katika miaka yote hii amekuwa akizitoa nyasi. Hajawahi kuzitia.

"Lituhi ni mbali," anasema, akimkabidhi Eusebius kengele. "Usimpitishe mwali barabarani anapiga kengele. Vidume vya kata nzima vitakuandama."

Scolastika anacheka, mara anaziba mdomo kwa kanga. Eusebius anashika kengele kwa mikono miwili.

"Jike mmoja ni wangu," anaongeza Aidan. "Nitamchagua mwenyewe. Usinichagulie."

"Na asiletwe nyumbani kabla hajaacha kunyonya," anasema Gaudiosa. "Sina muda wa kulea."

Wanaondoka. Fimbo ya Aidan inasikika kwenye mawe ya njia hadi inapotelea.

*

Kiberiti anasafiri hadi Lituhi ndani ya tenga la kuku lililofungwa nyuma ya pikipiki, na Eusebius ameketi kati ya tenga na mwendeshaji, mkono mmoja umepenya kwenye fito ili mbwa aunuse.

Bibi Marselina Kinunda, mwenye dume, huanika usipa ufukweni. Anakaribia miaka themanini. Marehemu mumewe na baba yake Eusebius walikuwa wakibadilishana watoto wa mbwa kila baada ya miaka michache ili damu isijifunge. Dume lake linaitwa Katekista, kwa kuwa, anasema, huamka kabla ya waumini wote na hana makelele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa miaka miwili. Nilidhani mmewala."

Mbwa wanaachiwa kwenye ua wa matete nyuma ya nyumba. Hakuna ugomvi wala sauti. Bibi Marselina anaketi kwenye mtumbwi uliopinduliwa, anamtazama Kiberiti, kisha anaitazama kengele shingoni mwake.

"Hiyo ni kazi ya yule mhunzi wa kule juu Mbinga, aliyekuwa anafua kwa majembe ya zamani. Yangu iliibwa. Hebu toa nyasi niisikie kabla sijafa."

Eusebius anatikisa kichwa. "Nisamehe, bibi. Hizo sizitoi."

"Kwani si mbwa wako?"

"Ni wangu."

"Na kengele?"

"Ya baba yangu."

"Sasa?"

"Nyasi ndizo si zangu."

Bibi anamwangalia usoni. Mkono wake ulishaanza kunyooka kuelekea kwenye kengele. Anaurudisha mapajani.

Wanakaa siku tatu. Kwa malipo, bibi anataka mtoto mmoja, jike, na Eusebius anakubali. Ukiongeza wa Aidan, Kiberiti inabidi azae majike matatu ili mmoja abaki kwake. Mbwa hawa huzaa wanne, mara chache watano.

"Akizaa majike mawili tu?" anaulizwa.

"Wa Aidan atatoka kwanza. Wa bibi wa pili. Mimi nitasubiri mtoto wa mtoto," anajibu. "Nilikuwa naye Tofali, nikamfunga kamba. Mtu wa namna hiyo anaanza mwisho wa foleni."

Ana mpango. Baada ya mavuno atapanda Mbinga na kipande cha springi ya gari ambacho Tobias amemwekea, atafute fundi atakayeweza kufua kengele nyingine tatu. Anataka kuwafundisha vijana wawili wa kijiji kazi hii, na somo la kwanza, anasema, halitakuwa mkuki wala alama za kwato. Litakuwa kusimama mbele ya mtu mwingine na kuhesabu kengele kwa sauti.

Wamerudi Ngumbo Jumanne mchana. Miezi miwili na siku chache, ndio muda uliobaki kujua kama safari imezaa. Kiberiti amelala kwenye gunia lake, anajilamba vidole vyeupe.

Kengele imerudi msumarini. Nyasi alizotia Aidan zimekauka, zimegeuka manjano, na chache zimechomoza kwenye mdomo wa chuma. Scolastika alitaka kuzitoa akifuta vumbi. Mumewe alimzuia.

"Ziache," alisema. "Atakuja mwenyewe."